Tundu la Msumari

Zulia lilitoka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, likabandua na ngozi ya mbao iliyoganda kwenye gundi. Nilikuwa nimepiga magoti upande wa tezi, karibu na injini, mtaimbo mkononi. Kwa juu zulia lile lilikuwa halina kosa: rangi ya kijivu, limenyooka hadi kwenye kona, bado lina harufu ya dukani. Chini yake plaiwudi ilikuwa nyeusi kama masizi. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama hadi kwenye kiungo cha kwanza.

Aliyeniuzia boti aliniambia sakafu ni mpya. Zulia lilikuwa jipya kweli, sikatai. Funika kombe mwanaharamu apite, na safari hii mwanaharamu aliyepita, tena na pesa yake mkononi, nilikuwa mimi.

Boti yenyewe ni pantoni. Neno hili sikufundishwa na Wamarekani, nimekulia Kigamboni. Pantoni kwetu ni kile chombo kipana, kisicho na mbele wala nyuma, kinachovusha magari, mikokoteni, matenga ya nyanya na wanafunzi, na hata daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 watu hawakuacha kulipanda. Sakafu yake ni bamba la chuma lenye vinundu. Hakuna aliyeichagua kwa uzuri. Iliwekwa kwa sababu lori la mchanga litapita juu yake, kisha mvua, kisha watu mia kadhaa wenye haraka, na kesho alfajiri ni yale yale. Basi nilipohamia Minnesota nikaona ziwani kitu chenye jina hilo hilo, kimetandikwa zulia na kupangwa makochi, babu na bibi wameketi wanakunywa kahawa kikielea taratibu, nilicheka peke yangu. Pantoni limekuwa sebule.

Sebule hiyo ilizaliwa karibu na hapa ninapoishi. Mwaka 1952, katika mji mdogo wa Richmond, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka St. Cloud, mkulima mmoja aitwaye Ambrose Weeres aliunga mapipa ya chuma kichwa kwa kichwa, akapata safu mbili, akalaza jukwaa la mbao juu yake na kuliingiza ziwani. Alikuwa na hoja rahisi: jukwaa pana juu ya nguzo mbili zinazoelea halitayumba kama boti ya kawaida. Akakiita chombo chake The Empress, jina la malkia juu ya mapipa. Leo mapipa yamekuwa mirija ya alumini, injini zimekuwa kubwa, makochi yamekuwa ya kifahari, lakini fikra ni ile ile ya mkulima: sakafu kwanza, mengine baadaye. Jahazi ni tumbo lililowekewa sitaha. Pantoni ni sitaha isiyo na tumbo. Ukiiondoa sakafu, kinachobaki ni mirija miwili ambayo haina habari na wewe.

Ndiyo maana kuichagua kulinisumbua kuliko nilivyotazamia. Viti vimefungwa kwenye sakafu, uzio umefungwa kwenye sakafu, usukani umefungwa kwenye sakafu. Kuibadilisha ni kubomoa nyumba nzima. Nilimaliza siku mbili nikifungua nati zilizoshika kutu, na nusu ya bolti nilizikata kwa msumeno wa chuma. Kazi ya namna hiyo mtu haifanyi kila mwaka. Ukikosea leo utalijua kosa lako baada ya miaka kumi, na kosa litakuwa limekusubiri chini ya miguu yako muda wote huo.

Dukani muuzaji alinionyesha vipande vya sampuli kama mtu anavyoonyesha vitambaa vya suti. Zulia hili, vinili ile, povu hili la kubandika. Alisema vizuri na alijua bei zote. Swali lake lilikuwa moja: rangi gani? Mimi nilikuwa na swali jingine, ambalo si langu. Ni la mjomba wangu, fundi wa majahazi Nungwi, ambaye likizo za shule nilitumwa kwake ili, kama mama alivyosema, nisizurure.

Kwenye ule mchanga mweupe wa Nungwi nilikuwa mtu wa kushika: shika hapa, lete tezo, lete pamba. Kazi ya pamba ndiyo iliyoniingia akilini. Kila msumari kabla haujapigwa ulivishwa nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta, zikazungushwa chini ya kichwa kama kilemba, na keekee ilikuwa imeshatangulia kutoboa njia. Msumari ukizama, pamba inajikunja na kuziba. Mimi nilidhani ni pambo. Siku moja niliruka mmoja kwa uvivu, mjomba akaung'oa mbele ya watu wote na kuniuliza, bila kupandisha sauti, "Maji yakiingia hapa, yatatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Ubao haukuwa na tatizo, ulikuwa mvule mtupu. Tatizo lilikuwa tundu.

Maji peke yake hayaozeshi mbao. Kinachozila ni kuvu, nayo kuvu inataka unyevu na hewa kwa pamoja. Gogo lililozama kabisa kwenye tope hukaa karne nyingi kwa sababu hewa haliipati. Mlango wa Mji Mkongwe hukaa karne kwa sababu unakauka. Kinachokufa ni ubao wa katikati, ule unaolowa usikauke. Unyevu ndani yake ukipita asilimia 20 na kubaki hapo, hatari inakaribia. Chumvi ya bahari huizuia kuvu kwa kiasi fulani, ndiyo maana vyombo vya pwani adui yao mkubwa ni yule mdudu wa majini anayetoboa mbao, wakati mvua inayotuama kwenye sitaha huogopwa kuliko wimbi. Huku Minnesota maji ni matamu tupu, maziwa 11,842 ukihesabu yale yenye ekari 10 na zaidi. Vibao vya magari vimeandikwa maziwa 10,000 tu, unyenyekevu ambao sijauona kwingine Marekani. Na zaidi ya maji matamu kuna barafu: tone lililojificha kwenye ubao mwezi wa Novemba hutanuka likiganda na kupasua nyuzi, likaacha nafasi ya tone kubwa zaidi mwaka unaofuata.

Basi nikaanza kulipeleka swali la mjomba kwenye kila kipande cha sampuli.

Nianze na mbao yenyewe, kwa sababu hata zulia na vinili vinahitaji kitu cha kulalia. Kuna plaiwudi inayouzwa kwa jina la plaiwudi ya baharini, na watu wengi, nami nikiwemo, hudhani haiozi. Inaoza. Gundi yake haiachii majini, na tabaka za ndani hazina mapengo ya kuficha maji; lakini mti ni mti, haujatiwa dawa yoyote. Ukitaka iliyotiwa dawa ipo, nayo ina kisa chake. Zamani dawa ilikuwa na arseniki. Mwisho wa mwaka 2003 viwanda vya Marekani viliacha kuitumia kwenye mbao nyingi za majumbani. Dawa nyingi zilizochukua nafasi yake zina shaba kwa wingi. Sasa laza ubao uliojaa shaba juu ya viunzi vya alumini, uloweshe, na utakuwa umetengeneza betri. Metali mbili tofauti ndani ya unyevu, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Ubao wako utabaki mzima na boti itatoboka chini yake. Mzee jirani yangu, ambaye amemiliki pantoni tangu ujana wake, alinionyesha kiunzi cha boti yake ya zamani. Kilikuwa na vishimo na unga mweupe, kama jino lililooza. Alikuwa amekinunulia mbao zenye dawa hiyo mwenyewe, kwa nia njema.

Mzee huyo ana mbwa, na mbwa huyo ndiye aliyelimaliza suala la zulia.

Si mbwa mbaya. Ni mkubwa, mweusi, mwenye kupenda maji kuliko bata, na kila jioni akiniona gatini huogelea kuja kunisalimia na kupanda botini bila kuomba ruhusa. Hujikung'uta. Hujilaza. Mwenyewe akija kumchukua huomba radhi, nami husema hapana neno, kwani jirani ni jirani. Lakini Alasiri hunikuta ziwani mara nyingi, na mahali pa kusalia ni pale pale sakafuni. Sisi tuliosoma madrasa za pwani tumefundishwa kwa madhehebu ya Shafi: mahali palipoguswa na mbwa aliyelowa paoshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Udongo ufukweni haukosekani. Maji ndiyo usiseme. Tatizo ni kwamba zulia lililogandishwa kwa gundi unaliosha nini? Ndoo saba zinazama zote kwenye nyuzi, zinapita kwenye gundi, zinakaa kwenye plaiwudi. Kila nikijitakasa ningekuwa naozesha boti. Maji yatatokea wapi? Kwenye zulia hayatokei. Ongeza ndoana za samaki zinazonasa humo, damu ya samaki, na juisi ya watoto, halafu jua la Julai lipike mchanganyiko huo. Zulia ni rahisi kwa bei na laini kwa mguu, na hiyo ndiyo sifa yake yote.

Mama watoto yeye alitaka lile povu. Linauzwa kwa karatasi kubwa zenye gundi mgongoni, limechorwa mistari, ukilikanyaga unajiona unatembea kwenye mkate. Nililishika, nikalinusa, nikalijua. Ni EVA, kitu kile kile kinachotengenezewa ndala. Nikamwambia, unataka tutandike ndala ziwani? Akanijibu kwamba Lamu walishatengeneza jahazi zima la taka za plastiki na kulivisha ndala. Hapo alinishinda, kwa sababu ni kweli: Flipflopi, chombo kilichoundwa na mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda kwa tani 10 za plastiki na ndala zipatazo 30,000, kikashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Lakini Flipflopi ni ujumbe unaoelea, na rangi zake zimewekwa zionekane. Povu la botini kazi yake ni kukaa lisionekane, limebandikwa kila pembe juu ya mbao, na siku litakapoanza kubanduka utalijua kona moja tu. Tena likiwa la rangi iliyokolea linachoma. Mtoto wangu alijaribu kipande cha sampuli juani, akaruka kama aliyekanyaga siafu.

Vinili niliipenda kuliko nilivyokubali mbele ya muuzaji. Haishiki maji, inapigwa mswaki, ile iliyofumwa haitelezi. Zipo ambazo zimepigwa chapa ya mitiki, zenye mistari myeusi ya kalafati ambayo haizibi chochote. Sikuweza kuitazama bila kuona haya kidogo. Mtiki, au msaji kama wanavyouita wazee wa pwani, unastahimili maji kwa sababu umejaa mafuta yake wenyewe. Wajerumani waliupanda Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo ukipita Longuza, kule Muheza, unapita katikati ya safu zake zilizonyooka kama askari. Mti wenye sifa ya kuukataa unyevu, mtu amepiga picha sura yake na kuibandika juu ya kitu ambacho kitauficha unyevu. Mistari ya kalafati inayochorwa na mashine ilinikera zaidi. Nina makovu mawili kwenye kidole kwa ajili ya kalafati.

Kasoro ya vinili huku kwetu ni mbu. Watu wa Minnesota hutania kwamba mbu ndiye ndege wa jimbo lao. Dawa ya kujipaka yenye DEET inamfukuza, lakini dawa hiyo hiyo huyeyusha plastiki za aina nyingi. Kwenye boti ya jirani kuna alama ya kiganja cha mjukuu wake, imeingia kwenye vinili haitoki.

Alumini tupu, mbao zake zikiwa za kuchomekana, ndiyo jibu sahihi kwa mwenye fedha. Haiozi, na maji yanatoka yalikoingilia. Inapiga kelele mvua ikinyesha. Bei yake nilipoisikia nilishukuru, nikafunga ukurasa huo.

Kilichoniamulia hatimaye ni kumbukumbu nyingine ya Nungwi, ndogo kabisa. Ndani ya madau tuliyopanda, mbao za chini za kukanyagia hazikupigiliwa. Zililazwa tu. Mtu wa kufua maji alikuwa anainua ubao mmoja, anachota, anaurudisha, na safari inaendelea; hakuna aliyeliita hilo kasoro. Chombo kinavuja, kila mtu anajua kinavuja, na sakafu imewekwa kwa namna ya kukubali jambo hilo. Sakafu zote nilizoonyeshwa dukani zilikuwa zimetengenezwa kwa ahadi kwamba maji hayataingia.

Nikanunua shiti tano za plaiwudi ya baharini, futi nne kwa nane, unene wa robo tatu ya inchi. Boti yangu ina futi ishirini kwa nane, zikaenea bila kipande kubaki. Kila moja ina kilo zipatazo 30, na mgongo wangu ulizihesabu zote. Nikatoboa matundu makubwa kuliko bolti, nikayajaza ipoksi, ikakauka, nikayatoboa upya katikati, ili bolti ipite ndani ya plastiki na isiguse mti kabisa. Ni kilemba kile kile cha pamba, kimebadilika jina. Kingo za shiti, ambako tabaka saba zinaonekana kama kurasa za kitabu na kunywa maji kama kitambaa, nilizipaka mara tatu. Halafu rangi, juu na chini, rangi ya maziwa isiyochoma mguu. Ya juu niliinyunyizia mchanga mkavu ikiwa bado mbichi ili mtu asiteleze. Jirani alikuja kutazama. Akaona nahangaika na tundu moja kwa robo saa, akauliza kama nitafanya hivyo kwa yote. Nikamwambia yote. Akakaa chini akanishikia taa.

Juu ya rangi sikubandika kitu. Nilikwenda Minneapolis kwenye maduka ya Wasomali nikanunua mikeka miwili ya plastiki, ile mipana yenye maua, ambayo kila nyumba ya Kiswahili ina mmoja nyuma ya mlango. Nimeitoboa pembe na kuifunga kwa kamba kwenye uzio, upepo usiichukue. Tukimaliza tunaikunja, tunaisuuza, tunaianika. Sakafu inabaki wazi, kila mkwaruzo unaonekana. Wageni huvua viatu bila kuambiwa, kwa kuwa watu wa hapa nao huvua viatu mlangoni, jambo ambalo lilinifanya niwapende mapema. Mbwa akipanda, ndoo saba zinapita juu na kurudi ziwani. Mama watoto bado anasema povu lingekuwa bora kwa magoti, na kwa magoti ana haki.

Si sakafu nzuri. Ukiiweka kando ya boti mpya gatini inaonekana kama sitaha ya chombo cha mizigo kilichoalikwa harusini. Kila Mei, kabla ya kuishusha majini, naipiga rangi palipochunika, kazi ya nusu siku ambayo mwenye vinili haifanyi.

Septemba iliyopita kiangazi cha tatu kiliisha. Tulipoipandisha boti kwenye trela nilifungua bolti moja upande wa tezi, karibu na injini, pale pale kidole changu kilipozama siku ile. Nikaingiza kijiti cha mshikaki hadi mwisho, nikakizungusha, nikakitoa. Kilitoka kikavu.